Maembe ya Mwezi wa Tatu

Wilhelmina alikuwa mwanamke wa hasira, na hakuwahi kulificha jambo hilo. "Mimi sina kisirani," alipenda kusema. "Nina macho tu." Na macho hayo, kila ulipofika mwezi wa kumi na mbili, yaliona kitu kilekile: maembe yanaoza.

Kijijini kwao, si mbali na Bariadi mjini, maembe yakiiva yanaiva yote kwa mkupuo kama yamepigiwa filimbi. Watu wanakula mpaka midomo inawasha. Watoto wanashindia maembe, wanalalia maembe, asubuhi wanayakataa. Kisha yanaanza kuanguka. Yanagonga mabati, yanajaa njiani, yanakanyagwa na ng'ombe, na kijiji kizima kinanuka utamu uliooza. Miezi michache baadaye, mahindi ya zamani yakiwa yamekwisha na mapya yangali mabua, mama yuleyule aliyeyafagia maembe kwa ufagio utamkuta dukani anamnunulia mtoto mgonjwa juisi ya boksi yenye picha ya embe.

"Embe la kuchorwa!" Wilhelmina alifoka siku moja palepale dukani, wala hakuna aliyemwuliza. "La Mungu tumelifagia, la kuchorwa tunalinunua. Hivi sisi kweli tuna akili?"

Mwenye duka alicheka. Mama mwenye mtoto alinuna. Mumewe, Mayige, ambaye maneno yake yote kwa siku yangeenea kwenye kiganja, alimwambia jioni hiyo kwamba mtu hawezi kugombana na msimu. Wilhelmina akamjibu kuwa viazi navyo vina msimu, mbona michembe wanakula mwaka mzima?

Hapo ndipo alipojiingiza mwenyewe kwenye kazi, na hapo ndipo alipokosea, tena kosa la Msukuma halisi. Kwa Msukuma, kitu chochote kinachomenywa, kikakatwa na kuanikwa, ni michembe. Viazi vitamu vinakatwa vipande, vinamwagwa juu ya mwamba, jua la kiangazi linavikausha mpaka vinalia kama vijiti, vinatiwa kwenye gunia na kupandishwa ghalani. Bibi yake alifanya hivyo, mama yake alifanya hivyo. Basi Wilhelmina akayakata maembe mapande manene, akayamwaga mwambani, akasubiri.

Lakini kiazi huanikwa wakati wa jua, na embe huiva katikati ya mvua. Mapande yaliloa, yakakauka juu, yakaloa tena. Nzi walifanya mkutano. Yeye akayatia kwenye gunia hivyohivyo, akalipandisha ghalani kwa majivuno makubwa. Alipolishusha, gunia lilikuwa na ukungu wa kijani, sisimizi wamejenga, na harufu imetoka ya pombe kabisa.

Mama mkwe wake, bibi Salu, ambaye alikuwa hana jino hata moja ila ulimi wake ulikuwa mzima, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mkwe wangu ametengeneza komoni ya sisimizi," aliwaambia wageni wote waliofika mwezi huo.

Wilhelmina hakucheka. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa na faida moja, haikumwacha akae. Mwaka uliofuata alikwenda Lamadi kumwona dada yake, Honorata, anayeuza dagaa kando ya ziwa. Akawakuta wanawake wanaanika dagaa juu ya vichanja vya wavu, vimeinuliwa kutoka chini kimo cha kiuno.

"Mbona hamwaniki mchangani kama zamani?" aliuliza.

"Mchangani wanakauka upande mmoja, dada," alisema Honorata. "Wakipata umande wananuka. Hapa juu upepo unapita chini, unapita juu. Hata jua likijificha, upepo unafanya kazi."

Wilhelmina alisimama pale mbele ya vichanja akijitukana kimoyomoyo. Kumbe kinachokausha ni upepo! Na yeye mtu mzima alikuwa ameyalaza maembe juu ya jiwe kama anayazika.

Aliporudi alijenga kichanja chake. Jirani mmoja akamshauri atandike chandarua cha msaada. Wilhelmina akamtolea macho. "Chandarua kina dawa ya mbu, wewe unataka nimlishe nani dawa ya mbu?" Akashusha pazia jeupe la dirishani kwake, akalifua, akalitandika. Safari hii alichagua maembe yaliyoiva lakini hayajalegea, akayakata membamba, unene wa kandambili iliyolika, akayachovya kwenye maji ya ndimu yasiwe meusi. Akafunika kwa kanga nyepesi. Wingu likijikusanya, mbio, anabeba pazia na vyote vilivyomo, anaingiza jikoni, anatundika juu ya makaa yasiyo na moshi. Jua likirudi, naye anarudi nje. Aligeuza, akapepeta, akafukuza kuku, akagombana na mbuzi. Vipande vilipofikia kukunjika bila kukatika na bila kunata mkononi, aliviacha kwanza ndani ya beseni akivichanganya kila siku, ili vilivyobaki na unyevu vigawane na vilivyokauka. Ndipo akavifungia kwenye ndoo nyeupe iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, yenye mfuniko wa kubana, akaisukuma chini ya kitanda.

Ndoo moja. Maembe yaliyoingia mle yangejaza mkokoteni, na yote yamekuwa ndoo moja. Aliipenda ndoo ile jinsi mtu anavyopenda kitu kilichomtoa jasho.

Angenyamaza, pengine mambo yangekwisha hivyo. Lakini Wilhelmina na kunyamaza ni mbingu na ardhi. Kwenye jumuiya, baada ya sala, aliwatangazia wanawake wenzake: "Mwezi wa tatu, wakati mnaramba chumvi, njooni kwangu mle embe."

Wakaangua kicheko. "Embe mwezi wa tatu?" alisema mmoja. "Labda lile la kuchorwa." Wakacheka tena, kwa kuwa maneno yake ya dukani yalikuwa yamezunguka kijiji kizima.

Neno lile lilimchoma. Akaapa hapohapo kwamba ndoo haitafunguliwa mpaka mwezi wa tatu, na siku hiyo kila aliyecheka atatafuna huku akimtazama. Mayige aliomba kuonja, akanyimwa. Ni bibi Salu peke yake aliyepata, maana alikuwa ameanza kuugua na chakula kilikuwa kinamkataa. Wilhelmina alilowesha vipande viwili vitatu kwenye maji ya uvuguvugu mpaka vikavimba na kulainika, akamlisha kwa kijiko. Bibi kizee alimumunya, akafumba macho. Hakusema habari ya sisimizi tena. Alisema, "Hili la mwaka gani?" na mkwe wake akajisikia kama amevishwa taji.

Mwezi wa pili, bibi Salu akafariki.

Sasa, msiba wa mtu aliyekula chumvi nyingi huwa na kilio chake na kicheko chake, na kicheko kinaletwa na watani. Ukoo wa Mayige na ukoo wa Bujiku ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kulala chini kama maiti, kuiga alivyokohoa marehemu, kuingia ndani na kuchukua akitakacho. Ukikitaka kitu chako, unakikomboa kwa kitu kidogo, mkacheka, mambo yakaisha. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi: kukasirika. Anayemkasirikia mtani huonekana hana adabu, hata kwa marehemu wake mwenyewe.

Bujiku alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mzee mrefu, mwenye fimbo ndefu na ng'ombe wengi, au ndivyo kijiji kilivyojua. Alifika siku ya mazishi akijikongoja kama bibi Salu, kanga kichwani, midomo ameikunja kuficha meno. Waombolezaji, hata waliokuwa na machozi, walicheka. Akaingia ndani. Watu wakasikia anapekua huku akilalamika kwa sauti ya marehemu kwamba mkwe amemficha njaa. Alipotoka, alikuwa amebeba ndoo nyeupe.

Wilhelmina alikuwa amekaa mkekani, kanga amejifunga mpaka kichwani. Akaitambua ndoo yake.

"Jamani," alitangaza Bujiku akibandua mfuniko, "njooni muone alichokuwa anakificha mkwe wangu! Nilidhani ni fedha. Kumbe ni soli za viatu vya Mayige!" Akatoa kipande, akakinyoosha kwenye jua, akakipima kwenye unyayo wake. Watu walikufa kwa kicheko. Akatafuna. "Soli tamu," alisema, akagawa: kipande kwa huyu, kipande kwa yule, wakiwemo wale wanawake wa jumuiya, waliotafuna na kutazamana. Ni mwezi wa pili, si wa tatu. Na hakuna aliyemtazama Wilhelmina.

Wilhelmina alijaribu njia ya adabu. Alinyanyuka na sarafu mkononi kwenda kukomboa.

"Sarafu?" Bujiku alishtuka kwa maigizo. "Kwa urithi wangu huu? Nataka ng'ombe mwenye mimba!" Akafunika ndoo, akaitwika kichwani, akaondoka nayo akicheza, na watu wakampigia makofi.

Wilhelmina alimgeukia mumewe kwa macho yenye moto. Mayige akasema polepole, "Mtani huyo, mama Monika. Kaa." Naye akakaa. Mtu asiyejua adha ya kukaa namna ile, na ulimi unao, hajawahi kuonewa.

Msiba uliisha, hasira haikuisha. Alikuwa na hasira na Bujiku, ambaye ghala lake limejaa na bado anachukua ndoo ya mwanamke. Alikuwa na hasira na Mayige na ule upole wake. Alikuwa na hasira na desturi yenyewe: desturi gani hiyo inayompa mwanamume haki ya kuchukua jasho la mtu kwa kucheka, na mwenye jasho ananyimwa hata haki ya kununa? Wangechukua fimbo ya Mayige. Wangechukua kiti. Kiti kinachongwa kingine kesho, lakini maembe ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha duniani. Na wanawake wa jumuiya, walipopita kwake, walikuwa na adabu sana, ile adabu inayoumiza kuliko tusi. "Mwezi wa tatu tutakuja, eti?" waliuliza, wakatabasamu.

Mwezi wa tatu ukaingia. Jua lilikuwa limechelewesha mahindi, na nyumba nyingi zilikuwa zinapika mara moja kwa siku. Asubuhi moja Wilhelmina alijifunga kanga mbili, akamwambia mumewe, "Utani una njia mbili. Nakwenda kuchukua changu."

Alipanga njia nzima. Ataingia bila hodi, kama mtani. Atachukua jogoo mwekundu wa Bujiku, atachukua redio yake, atachukua na ile ndoo, hata ikiwa tupu. Atapita navyo katikati ya kijiji.

Uani kwa Bujiku hapakuwa na jogoo mwekundu. Hapakuwa na kuku yeyote. Zizi lilikuwa wazi, na samadi iliyokuwamo ilikuwa imekauka na kuota majani. Wilhelmina alisimama akilitazama zizi lile, hasira yake yote mdomoni, na haikujua pa kutokea.

"Mwadila, mayu," sauti ilimwamkia kwa Kisukuma. Mlangoni alikuwa ameketi Veronica, mke wa Bujiku, miguu imevimba, ameinyoosha juu ya ngozi. Wajukuu wake wadogo walikuwa wamezunguka sufuria.

"Mwadila," Wilhelmina aliitika. "Mhola?"

"Mhola duhu." Salama tu. Ndivyo anavyojibu kila mtu, hata nyumba ikiungua. "Karibu ukae. Samahani siwezi kunyanyuka. Hii miguu imetumalizia ng'ombe. Hospitali huku, hospitali kule, na yenyewe hata haijashukuru." Alijaribu kucheka. "Lakini nilikuwa nasema siku nikipata nguvu, kwako ndiko nitakakoanzia."

"Kwangu?"

"Kukushukuru. Mzee alinieleza. Aliniambia, 'Mama Monika kanipa hii ndoo msibani, kasema mpelekee Veronica na watoto.' Uji wa mtama peke yake walikuwa wanaukataa, wanalia. Sasa natia vipande kidogo, uji unakuwa mtamu, wanakunywa na kulala. Sijui ningefanyaje." Akaonyesha kwa mkono. Ndoo nyeupe ilikuwa pembeni ya jiko, imefunikwa vizuri, na juu ya mfuniko limewekwa jiwe ili watoto wasiifungue. "Nimeibana sana. Bado ipo kidogo."

Mjukuu mmoja alikuwa anamtazama Wilhelmina juu ya ukingo wa bakuli, rangi ya embe imemzunguka mdomo. Ni mwezi wa tatu. Watu wanakula embe lake, wala hawakuja kumcheka.

Wilhelmina alifungua mdomo kusema ukweli, akaufunga. Angesema nini? Kwamba mumeo hakupewa, ameiba kwa kicheko mbele ya watu wote? Akasema, "Usizidishe. Loweka kwanza, ndipo utie kwenye uji. Utaona vinavimba."

Njiani kurudi alilia kwa hasira. Safari hii alimkasirikia Bujiku zaidi kuliko siku ya msiba. Mwanamume mzima anavaa kanga, anajikunja midomo, anacheza mbele ya kaburi, ili tu asitamke maneno mawili: nina njaa! Kwa hiyo ile ngoma yote ilikuwa kuombaomba kulikojipaka majivu! Kisha akakikasirikia kijiji, kilichopita kando ya zizi lile miezi na miezi na kuona fimbo tu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli hata akikasirika, akajikasirikia mwenyewe. Yeye ndiye aliyejisifu kwamba ana macho. Macho hayo yalikuwa wapi?

Mayige alimwuliza nyumbani, "Umekichukua chako?"

"Niache," alisema. Na hakumwambia.

Alikaa akifikiri. Kumpelekea Bujiku chakula kwa adabu, kwa mikono miwili, kungekuwa kumvua nguo hadharani. Mzee yule angekikataa, na Veronica angejua alidanganywa. Kumnyamazia je? Kunyamaza hakukuwa kazi ya Wilhelmina.

Kesho yake alishusha gunia la michembe kutoka ghalani, akalitwika, akaenda moja kwa moja dukani, mahali Bujiku alipokaa na wazee wenzake akiwachekesha. Akalibwaga miguuni pake vumbi likatimka.

"Bujiku, mwizi wewe!" alipaza sauti mpaka mwenye duka akatoka nje. "Umekula maembe yangu, umenishinda msibani, ukadhani yameisha? Leo nakulipiza. Hii hapa michembe ya babu yangu, hata mbwa wameikataa! Nimechoka kuitazama nyumbani kwangu. Ibebe! Wewe si hodari wa kubeba vya watu? Ibebe kichwani kama mwanamke, kijiji kikuone!"

Wazee walivunjika mbavu. Bujiku alilitazama gunia. Kisha alimtazama Wilhelmina, na kwa muda mfupi uso wake haukuwa wa mcheshi hata kidogo. Alikuwa ameelewa kwamba mwanamke huyu amefika kwake, na ameona. Wilhelmina hakuyaondoa macho yake. Alikuwa amekasirika kweli, machozi yakiwa karibu, na alimtaka aione hasira ile.

"Loo!" Bujiku alisema hatimaye, sauti imekwaruza. "Ukoo wenu hata kutupa takataka hamjui, mpaka mtafute mtani." Akainama, akalitwika gunia, akaondoka akinesa kiuno kama mwanamwali, na kicheko kikamsindikiza mpaka kwenye kona.

Tangu siku hiyo Wilhelmina alikuwa mwanamke mwenye ugomvi na mtani wake. Wiki hii alimtupia nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akisema yananuka miguu. Wiki nyingine alimrushia mtama akidai una wadudu. Kijiji kilisema yule mama hasamehi, kwa ndoo moja tu ya soli! Alipoulizwa kwenye jumuiya, alijibu kwa ukali kwamba hasamehi na hatasamehe. Mwaliko wa mwezi wa tatu hakuna aliyeukumbusha tena, naye hakuutaja.

Maembe yaliporudi, Bujiku alifika bila kuitwa, na kisu chake. Alikaa chini ya kichanja akamenya na kukata kutwa nzima, akiwatukana ukoo wote wa Mayige, waliokufa na walio hai, naye Wilhelmina akimtukania mapande yake manene. Wanawake wawili wa jumuiya waliokuja kutazama walijikuta wamekabidhiwa visu. Mvua ilipotishia, wote walikimbia na pazia jikoni.

Mwaka huo zilijaa ndoo mbili. Ya kwanza Wilhelmina aliisukuma chini ya kitanda. Ya pili aliibana mfuniko kwa nguvu zake zote, akaiweka kizingitini, mahali ambapo mtani akipita hawezi kuikosa. Kisha akachukua dumu la maji na kwenda kisimani, ingawa maji yalikuwa yamejaa ndani, na huko akakaa akizungumza na watu mpaka alipoona muda umetosha.

Aliporudi, kizingiti kilikuwa kitupu. Akatua dumu. Akasimama katikati ya ua, akashika kiuno, akavuta pumzi.

"Mwizi!" akapiga kelele, kijiji kizima kisikie, na zaidi ya wote Veronica asikie kwamba ni utani. "Jamani, Bujiku ameniibia tena!"